Bibi wa Vanga Alisema Hajambo

Jumanne

Bora yule bibi wa Vanga angenitukana. Asubuhi wodini nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza hali. "Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi." Nikaandika kwamba hana maumivu, nikapita.

Mchana daktari alimbonyeza tumbo, bibi akapiga ukelele. Mimi, mzaliwa wa Gazi, nimesahau kwamba watu wetu wa Pwani hushukuru kwanza, ugonjwa huueleza baadaye! Ningemuuliza mara ya pili tu, angeniambia. Lakini siku hizi silali, sili, nataka tu kumaliza wagonjwa nijifungie chooni nilie. Na huu ndio udaktari ninaosomea.

Nilimwomba radhi. "Hukukosa, mwanangu," akasema, akanishika mkono.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamwamkia.

"Marahaba, daktari wangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama, alhamdulillahi."

Hakuuliza mara ya pili.