Maswali ya Eunike Kikapuni

Meru, 12 Agosti 1957

Mwanangu Philemoni,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huko Tanga mkonge haujakumaliza? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Wewe huandiki mpaka mama yako aanze. Haya, nimeanza.

Binti yako Eunike amepata leseni. Rudia kusoma hapo: leseni! Mkunga, mwanamke, anaendesha gari la misheni. Unajua dereva alipoondoka gari lilikaa miezi minne, akina mama wakabebwa kwa machela. Mchungaji alisema Eunike akishindwa mtihani mara ya pili, gari litarudishwa makao makuu ya misheni.

Jana alimfuata Nashipae kule Nduruma, uchungu umemshika. Nilikaa mbele. Philemoni, lile gari lilipanda mlima likinguruma, migomba inakimbilia nyuma, na mtoto niliyemfuta kamasi kashika usukani! Njia panda akasimama. Nikamuuliza anamngoja nani, maana palikuwa na mbuzi tu. Akasema, Bibi, sheria ni kusimama. Nikakubali. Mimi! Nashipae kajifungua salama, mtoto wa kike.

Sasa sikiliza, nasema mara moja. Nilikuandikia kwamba alishindwa mtihani wa kwanza kwa uvivu. Nilimsema hata mbele ya wanawake kanisani. Si uvivu. Ni mimi. Nilimfundisha kile kitabu cha barabara kama nilivyofundishwa katekisimo ya kipaimara: swali la kwanza, la pili, mpaka la arobaini, akikosea tunarudi mwanzo. Kumbe kule bomani Arusha maswali yamevurugwa. Maskini, wakimuuliza la thelathini, ilimbidi aanze kimoyomoyo na la kwanza. Muda ukaisha, nusu ya karatasi ingali nyeupe.

Hakunisuta hata neno. Alikata vikaratasi, akaandika swali moja moja, akaviweka kwenye kikapu changu cha kahawa, akaniomba nitikise na kuchomoa. Nilichomoa mwezi mzima, nikisoma kwa shida kwa macho haya ya uzee, naye anajibu huku anamenya ndizi. Safari hii alimaliza kabla ya wanaume wote.

Ile barua ya kwanza ichome. Na umwandikie binti yako, umsifu vizuri. Mimi nimejaribu, mdomo umekataa.

Ndugu yako Anaeli na mkewe wanakusalimu. Kula ushibe.

Ni mimi mama yako,
Kaanaeli