Damu Yangu Ilipofanywa Mizani

Kharumwa,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuona kabisa unaitikia huku unatafuta miwani, nayo imo kichwani. Miguu inaendeleaje? Na kikohozi cha baba, bado anakitibu kwa kukigombeza? Machungwa nasikia mwaka huu yamezaa sana, basi mnayala nyinyi na mimi huku nazoea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, maana wenyeji wangu hawaniachi nipite mlangoni kwao bila kunijaza kiganja.

Ningeweza kupiga simu. Lakini wewe simu unaiweka sauti kubwa uani, na mpaka muuza samaki anachangia mazungumzo. Haya ninayoandika si ya muuza samaki. Barua hii isome mwenyewe polepole, wala usimpe dada Asha akusomee.

Ni habari ya kifo cha kaka Salimu. Nimeona kitu katika damu yangu mwenyewe, na tangu nikione ninafikiri kwamba huenda tulimwonea shangazi Mwanahawa. Nasema huenda. Nimechanganyikiwa, mama, na nikikuandikia kana kwamba nina hakika nitakuwa nimekudanganya.

Nianze na kazi. Hapa maabara tunapima kitu kinaitwa kimeng'enya. Kimo ndani ya damu, na kazi yake ni kuisaidia chembe nyekundu itumie sukari kujikinga. Mtu aliyepungukiwa nacho anaweza kuishi miaka asijue, akalima, akacheza mpira, akaoa. Ila siku atakapomeza dawa fulani, zikiwamo baadhi za malaria, chembe zake zinapasuka. Sasa kuna dawa ya malaria ya siku kumi na nne ambayo mradi wetu unawapa wachimbaji wa dhahabu, na kila mmoja lazima apimwe kwanza. Tunachukua tone la damu, tunalitia kwenye maji ya dawa yenye sukari yake maalumu, halafu mashine inalipiga mwanga. Kimeng'enya kikiwa na nguvu, namba inapanda haraka. Kikiwa dhaifu, inajikokota.

Lakini namba peke yake haisemi kitu. Lazima uwe na damu ya mtu asiye na upungufu huo ya kulinganishia, ile ndiyo mia kwa mia. Yetu huja kutoka mbali katika vichupa, ndani ya barafu. Mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili, jenereta nalo likagoma, vichupa vyote vikaharibika. Wachimbaji wamejaa nje kwenye benchi, wameacha maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wanataka kupimwa waondoke.

Mkuu wetu anaitwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke wa Kisukuma anayetembea haraka kuliko pikipiki. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mtanga," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "wewe tangu ufike hujawahi hata kukohoa. Leta mkono."

Kwa dharura mambo kama hayo hufanyika, lakini inatakiwa damu za watu kadhaa zichanganywe. Tulipaswa kuchukua na ya Mabula, mwenzangu. Mabula anachoma watu sindano kuanzia asubuhi hadi jioni, ila akiiona inamwelekea yeye magoti yanalegea. Akasema yake ichukuliwe kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Basi damu yangu peke yangu ikafanywa mizani ya kupimia damu za watu wote wa Kharumwa.

Majibu yakaja ya ajabu. Wa kwanza, mkulima wa mpunga aliyeingia uchimbaji, kimeng'enya chake mara saba ya changu. Wa pili mara nane. Wa tatu mara saba tena. Mabula akafurahi kama amefunga goli.

"Unaona? Sisi tumekulia maziwa. Nyie watu wa pwani ni nazi tu, nazi asubuhi, nazi jioni!"

Nilicheka, mama. Kweli nilicheka. Mama Kulwa hakucheka. Tukabadilisha maji, tukaosha vyombo upya, tukakagua joto la mashine, tukabadilisha pipeti ya kunyonyea damu. Namba zikabaki vilevile. Kila mtu alikuwa na nguvu kupita kiasi, na sisi tulizidi kuilaumu mashine. Mama Kulwa akaamuru majibu yote yazuiwe mpaka vichupa vipya vifike.

Yote isipokuwa la mtu mmoja. Kulikuwa na mchimbaji anaitwa Masanja, mtu wa Masumbwe, mrefu, mpole, anayeomba radhi hata kwa mlango akiugonga. Damu yake ilitoka sawa na yangu, mia kwa mia, haikuzidi wala haikupungua. Tulivyokuwa tumechoka, tulishangilia. Tukaambiana kwamba hatimaye tumepata jibu moja la kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia karatasi: yuko sawa, apewe dawa.

Vichupa vipya vilifika siku ya nne. Mama Kulwa akaweka kichupa mashineni, namba ikapanda mbio kama ya yule mkulima wa mpunga. Akaweka damu yangu, ikajikokota. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akavua glavu taratibu na kuniita kwa jina langu, jambo ambalo halifanyi.

"Rajabu, hawa watu ni wazima. Mgonjwa ni wewe." Halafu akajirekebisha. "Si mgonjwa. Umepungukiwa tu. Ulizaliwa hivyo."

Sikupata hata nafasi ya kuogopa kwa ajili yangu. Kama Masanja alikuwa sawa na mimi, basi na yeye amepungukiwa, na tumeshampa dawa.

Tulipanda pikipiki mimi na Mabula hadi machimboni. Tulimkuta amekaa kivulini karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, amejikunyata kwenye koti na jua lote lile. Mabula akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akaitikia kwa taabu. Macho yake yalikuwa ya njano.

"Nimechoka tu, bosi," akaniambia. "Dawa leo siku ya tatu, sijaruka hata moja. Ila mkojo umekuwa mweusi. Nikasema labda ni maji ya huku duarani."

Hakuruka hata moja, mama, kwa sababu karatasi yangu ilisema yuko sawa. Tulimweka katikati, tukampeleka hospitali, dawa ikasimamishwa, akaongezewa damu. Namshukuru Mungu, Masanja anaendelea vizuri. Juzi aliniambia, "Wabeja," yaani asante, mimi nikashindwa kumtazama. Mama Kulwa ameandika ripoti na kusema kosa ni lake yeye mkuu. Nami nimeandika yangu nikasema ni langu. Mabula naye anasema ni la magoti yake.

Sasa nisikilize. Siku ile wodini Masanja alinipa kichupa cha mkojo wake. Ulikuwa mweusi kama kahawa isiyo na maziwa. Nilisimama nacho mkononi nikamwona kaka Salimu ameshika ukuta wa choo chetu, anakuita, "Mama, njoo uone." Nilikuwa mdogo lakini nimekumbuka yote. Macho ya njano. Kuchoka. Kuhema kama amepanda mlima. Siku tatu tu.

Na nimekumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa na homa, ukaenda dukani ukamnunulia vidonge vya malaria. Asubuhi ileile shangazi alimletea uji. Alipokufa watu wakasema pale pana mkono wa mtu, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa shangazi. Baba akamfukuza dada yake mwenyewe. Sisi watoto tukaambiwa tusipokee kwake hata maji.

Nimemuuliza daktari wa hapa kama kaka alikufa kwa vidonge. Amekataa kuniapia. Anasema hakuna damu ya Salimu ya kupima, na malaria kali yenyewe inaweza kuufanya mkojo vile. Lakini akaniambia pia kwamba upungufu huu mtoto wa kiume huupata kwa mama yake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa nao wote. Hapo ndipo ninapokwama. Nikinyamaza, shangazi anakufa na jina la muuaji. Nikisema, nakuwa kama ninalitoa jiwe kichwani kwake nikutwishe wewe, mama yangu, kwamba damu ni yako na vidonge ni mkono wako. Nimeichana barua hii mara mbili.

Basi nasema, na naomba unisikie vizuri. Ulimpa dawa kwa sababu alikuwa anachemka, na kila mama wa Muheza angempa. Hukujua. Mimi nimesomea kazi hii, nina cheti ukutani, na damu hii naibeba mwenyewe, lakini sikujua. Nikampa Masanja vilevile ulivyompa Salimu, kwa nia njema. Wewe huna kosa, mama. Nalia ninapoandika hapa, usinicheke.

Watoto wa kiume wa dada Asha wapimwe kabla hawajapewa dawa yoyote ya malaria. Kwa hilo sina shaka, wala sisemi huenda. Mwambie Asha nitampigia, nitamweleza hospitali ya kuwapeleka.

Nisalimie baba, na uchague wewe siku ya kumwambia, akiwa ameshiba. Nisalimie mjomba Athumani mwenye cherehani, na umuulize kama naye aliwahi kuwa na macho ya njano utotoni. Bibi mpe shikamoo kubwa, mwambie nakula. Asha na mumewe wasalimie, na jirani yetu Mama Zaina anayekuletea samli.

Halafu yuko shangazi. Tangu nijue kuandika sijawahi kumtumia salamu, wala sijui zinaanzaje. Naomba uende wewe mwenyewe hadi Korogwe, alikohamia baada ya kufukuzwa, usimtume mtu. Mwambie mtoto wa kaka yake anasema shikamoo. Asipoitikia, mama, usimlaumu. Kaa nje hapo mpaka aitikie.

Mimi mwanao,
Rajabu