Nilipanda Ngazi Kumuonyesha Mume Wangu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Maji tena. Bomba la mtaani limekauka, ni hadi kisimani. Kurudi nimesimama kwa fundi baiskeli kama kawaida. Nikatua ndoo, nikamuuliza habari za wateja, nikaendelea. Nyumbani Baba Shija kanuna. Eti fundi baiskeli ananipa nini mpaka nisimame pale kila siku? Nimecheka. Mgonjwa mzima na wivu bado anao.

Kifua kimembana tena baada ya kula. Tangu Pasaka ni hivyo. Anakishika, anakunja uso, anakaa. Basi jembe langu, kuni zangu, ndama wangu. Yeye apumzike.

Mimi nimeongeza mto. Nikilala chali pumzi haitoshi. Vumbi la hapa Kawajense hili.

Alhamisi, 11 Julai

Kaja daktari bingwa wa moyo kutoka Dar. Yupo hospitali wiki moja tu, na mashine yake ya waya. Aliyetutumia habari ni Mama Kulwa, nesi pale. Binti yake ndiye kaolewa na Shija wetu. Katuombea nafasi Jumatatu. Mungu ambariki mkwe huyu.

Baba Shija anaogopa. Mimi zaidi. Akifa, kaka zake watakuja kutoka Sibwesa kuchukua ng'ombe hata matanga hayajaisha. Nawajua.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Nimeomba kitu kimoja tu, moyo wa mume wangu.

Njiani nimepumzika mara kadhaa. Yeye mbele, mikono nyuma, ananisubiri. Uzee gani huu? Hata arobaini sijafika.

Jumatatu, 15 Julai

Niandike tu.

Daktari ni kijana, mpole. Katueleza. Moyo ukiwa umetulia unaweza kuficha ugonjwa, kwa hiyo lazima ufanyishwe kazi, halafu upimwe. Pale chini kulikuwa na ngazi ndogo ya mbao, vipandio viwili. Mtu anapanda, anashuka upande wa pili, anageuka, anarudia. Halafu analala kitandani anasikilizwa, anafungwa waya kifuani.

Kifuani. Yaani avue shati. Na nesi aliyeshika waya ni Mama Kulwa.

Baba Shija kagoma. Avue shati mbele ya mkwe? Arukeruke mbele ya mkwe kama mtoto? Hata kumtazama hamtazami, wakisalimiana anaangalia ukuta. Mama Kulwa naye kainamisha kichwa, aibu imemjaa. Daktari hakuelewa kitu. Akadhani mgonjwa anaogopa ngazi. Akanigeukia, mama hebu panda wewe kidogo, mzee aone ni kitu rahisi.

Nikavua kandambili. Nikapanda huku namcheka mume wangu. Panda, shuka, geuka. Panda, shuka, geuka. Kicheko kikakatika chenyewe. Pumzi hakuna. Nikashika ukuta.

Daktari kanishika mkono, kanilaza kwa ubavu wa kushoto. Kaweka kile chombo chake cha kusikilizia chini ya ziwa. Kasikiliza muda mrefu. Kafumba macho. Akaagiza waya nifungwe mimi.

Nikamwambia mgonjwa si mimi. Nimemwambia tena na tena. Mgonjwa ni yule pale!

Jumanne, 16 Julai

Sielewi. Sielewi kabisa.

Baba Shija kapimwa baadaye, mkwe alipotoka akaingia nesi wa kiume. Kapanda na kushuka hadi daktari kasema basi. Moyo mzima. Kinachomsumbua ni vidonda vya tumbo. Apunguze pilipili na pombe.

Pilipili! Nimemlimia, nimembebea, nimemtunza kama yai, kumbe pilipili. Nina hasira hadi meno yanauma.

Na mimi ndiye wa moyo. Mimi!

Jumamosi, 20 Julai

Leo nimeweza kuandika alichosema daktari. Ndani ya moyo kuna milango. Mmoja wangu umekakamaa, damu inapita kwa kusukumana. Kaniuliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti na homa. Nilishtuka, kajuaje? Niliwahi, nikiwa darasa la tatu. Bibi alinifunga majani, nikapona. Tulidhani nimepona. Daktari kasema homa ile iliacha magoti ikaenda kula moyo, taratibu, miaka yote hii.

Sindano kila mwezi. Vidonge. Jembe marufuku, ndoo marufuku, mimba marufuku. Na niende Dar kwenye mashine kubwa waone kama mlango unatengenezeka. Baba Shija kasema atauza dume lile jekundu. Hakuniuliza, wala kaka zake.

Naogopa kufa. Basi, nimeandika.

Jumapili, 28 Julai

Baba Shija kaenda kisimani mwenyewe. Na ndoo kichwani, si kwa baiskeli kama wanaume wengine. Wanawake wamemcheka njia nzima, kasikia, kaendelea.

Kachelewa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, sina kazi, mikono sijui niiweke wapi. Alipofika ndoo ilikuwa nusu, shati lote limelowa. Kaitua. Kaniangalia muda.

Akasema alipofika kwa fundi baiskeli pumzi ilimwishia. Akatua ndoo, akamsalimia fundi ili watu wasione kuwa kachoka.

Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo wewe pale ulikuwa unapumua tu?"

Nikamwambia ndiyo.

Kaingia ndani, kawasha jiko, kapika chai. Sukari kazidisha. Nimekunywa yote.