Siku Kumi na Tisa Kwenye Droo

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko kazini, na kile kifua kimepoa? Sisi hatujambo. Mwanao ameongezeka uzito, na masikio amechukua yako, pole yake.

Barua yako nimeipata. Umenishukuru kwa kumfuatilia mkeo, ukasema bila dada anayefanya kazi kliniki ungekuwa umekwisha. Niliisoma nikaikunja. Acha nikueleze.

Wifi alipomleta mtoto wa wiki sita, daktari alimuuliza maswali kumi, yale ya kujua mama anajisikiaje baada ya kujifungua. Nusu saa mlango umefungwa, nami niko mapokezi nahesabu dakika. Nilipojifungua kifungua mimba wangu nililia miezi minne. Daktari huyo huyo akaniambia nitazoea, nawe ukasema nadeka. Leo mkeo analia kidogo tu anashikwa mkono, na wewe unampigia simu asubuhi na jioni. Mimi uliniuliza lini? Roho iliniuma, sikufichi.

Daktari alimwandikia rufaa aende kwa wataalamu wa afya ya akili ya wazazi, akaiweka mezani kwangu. Hapa kwetu barua haitoki mpaka niigonge muhuri. Kila wifi alipouliza, nilimjibu kwamba tunasubiri jibu la wenzetu wa huko.

Mwezi uliopita alikuja tena. Akaniambia taratibu kwamba kama wameona hastahili hata jibu, basi yamekwisha, ila nimwahidi kwamba mtoto nitamlea mimi. Akanikabidhi kadi ya chanjo.

Kaka, hakuna aliyechelewa kujibu. Barua ilikuwa kwenye droo yangu siku kumi na tisa, haina muhuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliipeleka saa ile ile, mkono mmoja barua, mwingine nimemshika wifi. Walimpokea. Sasa anakwenda kwao kila Jumanne, na jana aliyacheka hayo masikio.

Yeye hajui, bado ananishukuru. Daktari nimemwambia. Siku hizi rufaa za wazazi anazipigia simu mwenyewe kabla mama hajainuka kitini. Kisha akaniuliza na mimi yale maswali kumi, miaka saba baadaye. La tatu, lile la kama najilaumu bila sababu, lilinishinda.

Shukrani zako nakurudishia. Mkeo mwambie wewe, au niruhusu nimwambie mimi. Wasalimu wanaonikumbuka huko, uanze na wewe.

Ni mimi dada yako,
Mdekaji