Dhiraa Moja ya Bi Time

Wingwi, Ijumaa, 1960

Subhana-Llah, nyumba nzima kwenye karatasi! Mjukuu wangu Khatibu, anayesomea uchoraji wa majengo skuli ya ufundi Unguja, amezipima nyumba zetu mbili zilizoshikana, yangu na ya Bi Time, mjane wa ndugu yangu. Amezichora kana kwamba mapaa yameondolewa, nasi tunatazama toka juu.

"Babu, nimekosea. Kiwanja mligawana nusu kwa nusu, lakini upande wetu umezidi dhiraa moja." Akashika raba.

Kigingi cha mpaka nilikisogeza mwenyewe, alfajiri ya kuchimba msingi, ndugu yangu akiwa msikitini. Miaka arubaini hakuna aliyejua, na leo penseli...

"Usifute," nikamwambia. "Kaniitie Bi Time."

Huyo mlangoni, anacheka: "Shemegi, waniita kunigaia urithi?"

Ee Mola, nipe ulimi.