Mgonjwa Wangu Alisema Hajala

Mpendwa Mama Jovita,

Naomba msaada wako, na jina langu usilitoe maana hapa Bukoba tunajuana. Mimi ni muuguzi, Mhaya wa Kitendaguro, nimesomea mbali na nimerudi mwaka jana, na kazi yangu wodini ni kumhoji mgonjwa na kujaza fomu kabla daktari hajamwona, aliwahi kuugua nini, amezaa mara ngapi, anatumia dawa gani, na kama ni siku ya kupasuliwa, amekula au hajala, nami huuliza kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha ya taifa na, nikiri, kwa sababu sitaki daktari anione mtu wa shamba.

Wiki iliyopita tulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha Ujamaa huko Muleba, nitamwita Mama Kokubanza, ana uvimbe mkubwa tumboni, na asubuhi ya kupasuliwa nilisimama miguuni pa kitanda na kalamu yangu nikamwuliza, “Bibi, umekula?” akajibu, “Sijala, mwanangu, tangu jana sijala,” nikaandika HAJALA nikaenda kitanda cha pili, kumbe alfajiri mwanawe Mutembei alimletea viazi vitamu na maharage na alikula akamaliza. Alipopewa dawa ya usingizi akatapika, matapishi yakaingia kwenye mapafu, tukahangaika naye mpaka akapumua, upasuaji ukaahirishwa.

Alipopata nafuu kidogo, daktari, ambaye si wa huku, akamwambia mbele ya wodi nzima kwamba ni mwongo na nusura ajiue kwa uongo wake. Mama wa watu akalia, akasema kwa Kihaya, “Waitu, ebitoke” (yaani ndizi) “sijaviona tangu jana, sasa ningesemaje nimekula?” Daktari akanigeukia nimtafsirie, nami, Mama Jovita, niliyenyonya lugha hiyo, nikasema, “Anasema alisahau.”

Kesho yake Mutembei akamrudisha kwao na sasa hataki kusikia habari za hospitali, na uvimbe bado uko, na daktari alishasema ukipasukia ndani hatafika Bukoba akiwa hai. Daktari huyo huyo ndiye atakayeniandikia barua ya kwenda kozi ya ukunga mwezi ujao, nikisema ukweli barua sipati, pengine na kazi inakwenda. Tangu mama yule aondoke, leo siku ya nne, sijala, ni chai na mihogo tu. Nifanye nini?

Nesi mwenye majuto, Bukoba

JIBU

Binti, hebu rudia mistari yako ya mwisho. Siku nne hujala, ila chai na mihogo vimepita! Ungelazwa leo nami ningekuandikia HAJALA, na wewe ungetapika kama yeye. Ndivyo tulivyo. Mhaya aliyekosa ndizi hajala, hata akimaliza sufuria la viazi. Ulilijua hilo kabla hujajua kusoma, ukaliacha mlangoni pa wodi ili uonekane umesoma.

Pole. Kosa la fomu nakusamehe, kwa sababu hata wakubwa wako wamelifanya. Lile la “alisahau” linanikasirisha, sikufichi. Mama mtu mzima ameitwa mwongo mbele ya watu, amejitetea kwa maneno ya kweli, nawe uliyemwelewa, uliyeombwa kutafsiri, ukamziba mdomo. Unaniuliza kuhusu kozi! Mkunga atapokea mangapi ya siri kutoka kwa wanawake, akiyageuza hivyo kila akiogopa?

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujavua sare, nenda kwa daktari umwambie alichosema mama yule, neno kwa neno, na ulichosema wewe. Usianze na machozi, anza na maneno yake. Mwombe akupe ruhusa ya siku moja, na mwombe naye atume neno la radhi, maana aliyetukana ni yeye.

Kisha uende Muleba mwenyewe, usitume barua. Piga magoti, salimia kama ulivyolelewa, na ukipewa kahawa ya kutafuna pokea kwa mikono miwili. Mwambie kwa Kihaya, Mutembei na majirani wakisikia, kwamba aliyesema kweli ni yeye na aliyedanganya ni wewe. Akikufukuza, kaa uani. Atakuita, au atamtuma mwingine akuite.

Na wodini usimwulize tena mtu “umekula?” Vuta kigoda, kaa, weka kalamu chini kwanza. Mwulize, “Tangu jua lizame jana, kinywani kimepita nini? Kiazi? Uji? Lubisi ya ndizi? Dawa ya majani?” Usiulize mtu kama anakunywa pombe, kwa wengi lubisi si pombe. Msukuma aliyekosa ugali naye atakuambia hajala, na Mwislamu mwezi wa Ramadhani atakuambia amefunga wakati daku amekula saa kumi alfajiri. Asiyejua Kiswahili mtafutie mtu wa lugha yake, wala asiwe mkwewe, maana mbele ya mkwe hakuna atakayetaja mimba iliyotoka.

Daktari akikunyima barua, vumilia. Kozi ya ukunga itakuwapo na mwakani. Mama Kokubanza sijui kama atakuwapo wiki ijayo. Basi la Muleba huondoka saa moja asubuhi, usilikose.