Mzigo wa Uzi Mwekundu

Manila, 29 Oktoba 1998

Manang Basyon, dada yangu,

Natumaini mke wangu Consorcia, anayekuletea barua hii, atakukuta umekaa, miguu juu ya kigoda, na presha yako imetulia. Kama umesimama, kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Na majirani, bado wanakuja kutazama tamthilia kwako na kukumalizia kahawa? Sisi tumerudi salama. Yeye ameongezeka kilo mbili, mimi nimepungua tatu, kwa hiyo kama nyumba tuna upungufu wa kilo moja tu.

Jambo moja ulijue kabla hujageuza ukurasa: mzigo wako umefika mikononi mwa mwenyewe. Binti yako Rosenie ni mzima. Anakula, anacheka, ana meno yake yote. Kwa nini alikaa miezi kumi na tisa bila kukuandikia, nitafika huko, ila sitafika haraka.

Nimebaki Manila siku nne eti kutafuta kipuri cha mashine ya matofali. Kipuri nilikipata jana kwa dakika ishirini.

Safari yenyewe, Manang, kama ungeuliza kwetu Miagao nzima wangekwambia Fisto kampeleka mkewe Ulaya kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Miji mitano, siku kumi, basi moja, watu thelathini na wanane. Lakini unajua kwetu ukisema unasafiri umeshajitangaza kuwa posta. Consorcia hajui kukataa. Kila aliyebisha hodi na kifurushi cha binamu yake aliyeko Ulaya, alipokelewa. Nilivihesabu: vifurushi thelathini na kimoja, kilo arobaini na sita. Samaki wakavu, maembe makavu, biskuti, dawa ya kuchua. Ulibaki upenyo wa suruali zangu mbili. Uduvi wa chumvi wa kumpelekea mpwa wa mwalimu mkuu ulivuja juu ya shati langu la misa, na kule uwanja wa ndege wa Roma afisa wa forodha alifungua sanduku, akavuta pumzi mara moja, akalifunga mwenyewe bila kuuliza kitu.

Mzigo wako, wa kitambaa cha gunia la unga ulioshona kwa uzi mwekundu, haukukaa sandukuni. Kilo mbili na robo. Niliupakata.

Roma nimeiona kutokea kituo cha basi. Wenzetu waliingia lile kanisa kubwa la Papa, mimi nikasimama nje nikikadiria yangekwenda matofali mangapi. Nilipofika milioni sita nikaacha. Mama Tetchie, kiongozi wetu wa msafara, mwanamke wa Manila mwenye mwavuli wa njano na ulimi wa wembe, aliniambia mbele ya watu kwamba wenzangu wamekuja kuitazama Roma, mimi nimekuja kuisambazia samaki. Watu walicheka mpaka basi likaondoka.

Kwenye anwani uliyonipa, bawabu alisema familia ile ilihama na msichana yule hakwenda nao. Hapo moyo ulinishuka, nakwambia kweli. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo watu wetu wanaofanya kazi za ndani hukusanyika karibu na stesheni, nikaenda huko na vifurushi. Nikagawa kumi na vinne. Mama mmoja wa Guimbal, jirani na kwetu, aliyekuwa anamenya chungwa alisema anamfahamu Rosenie. Aliiacha ile nyumba ya kwanza akaenda Milano kumtunza bibi kizee. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule mjomba wa matofali. Nikasema ndiye. Akasema, “Kumbe,” akaendelea na chungwa lake.

Hilo “kumbe” nilitembea nalo mpaka Firenze. Pale kuna mnara wa ngazi mia nne na kumi na nne. Najua kwa sababu Consorcia aliapa kwamba kama sipandi naye hata mnara mmoja, picha za safari atapiga na dereva. Nikapanda, mzigo begani. Juu kule alinisogelea, akasema kwa upole kwamba vifurushi vya watu wote nimevilalamikia kasoro kimoja. Nikamwambia awe makini na ukingo.

Milano tulifika Alhamisi, na kwa bahati Italia wafanyakazi wa ndani wana mapumziko Alhamisi mchana pia. Walijaa uwanjani mbele ya kanisa lenye vilele kama mgongo wa samaki. Nikamwonyesha kila mtu picha yake. Mpishi mmoja kutoka Jaro alisema yule bibi kizee alifariki Pasaka, na Rosenie akaenda Paris na mjukuu wa marehemu, kupika. Mtaa hakuujua, ila alijua kanisa anakosali. Manang, nilimkumbatia mwanamume nisiyemjua mbele ya njiwa wote wale. Milima ya Uswisi iko dirishani siku nzima iliyofuata, wenzetu wanapiga picha, mimi nahesabu saa.

Jumapili, Paris, msafara ulikuwa unapanda boti ya mtoni. Nikamwambia Consorcia aende, nina mzigo wa mwisho. Hakwenda. Alinifuata na viatu vyake vya kisigino dakika hamsini.

Baada ya misa watu walishuka chini ya kanisa kula. Rosenie alikuwa nyuma ya meza, mwiko mkononi, anawapakulia watu tambi na kumkaripia mzee mmoja aliyekuja mara ya tatu. Hakuniona. Aliuona mzigo. Akasema, “Huo mshono wa Mama,” ndipo akainua macho, na mwiko ukabaki hewani.

Sasa nisomee polepole, Manang, maana hapa ndipo pagumu.

Machi mwaka jana Rosenie alipiga simu dukani kwangu. Unajua simu ya mtaa ni ile. Aliomba uitwe. Alisema nyumba aliyokuwa akifanya kazi wanamfungia chakula, na anataka kurudi nyumbani. Nje kulikuwa na lori la saruji, mifuko mia mbili, na wingu la mvua. Nikamwambia mimi nilianza na koleo la kuazima na sikumlilia mtu. Nikamwambia, “Mama yako ana presha, usimpigie wala usimwandikie mpaka uwe na habari nzuri ya kumpa.” Dakika nne. Nikakata simu, nikaenda kuwahi saruji, na sikukwambia.

Yeye akatii. Ndiyo sababu yote. Ulipokuwa unakuja dukani kila Ijumaa kuuliza kama simu imelia, nilikuwa nakwambia vijana wa siku hizi hawana shukrani. Niliyasema hayo nikikutazama usoni. Safari hii niliichagua kwa sababu ilianzia Roma. Ndoa ilikuwa kisingizio.

Niliyasema haya yote pale mezani, mbele ya sahani tatu za tambi. Nilitegemea matusi. Rosenie alikata uzi wako kwa meno, akanusa samaki uliomfungia, akacheka huku machozi yanamtoka, akawapa waliokaribu wanuse pia. Akanieleza jinsi nyumba ya kwanza ilivyomtesa, jinsi yule bibi alivyompenda, na kwamba kila mwezi alikuwa anajipima kama ana habari ya kutosha. Mshahara ulipopanda, aliona bado. Alipopata vibali vyake Septemba, aliona labda Krismasi. Halafu akaniuliza, bila kejeli yoyote: “Tiyo Fisto, nikimwambia tu kwamba mimi ni mzima, itatosha?”

Nikamwambia ingetosha hata siku ile ya saruji.

Consorcia alisema amejua tangu mwezi wa nne mwaka jana, kwa sababu nilianza kukupelekea samaki bila kuombwa. Alinisubiri niseme mwenyewe. Kisha akavua viatu, akanituma nikamwongezee tambi. Boti hatukupanda. Nadaiwa boti.

Unikasirikie utakavyo, una haki, na sitaleta ule mdomo wangu. Ila nilishuka kwenye ndege nikiwa nimepungua zaidi ya hizo kilo tatu.

Rosenie atapiga simu dukani Jumapili, tarehe nane Novemba, saa tisa alasiri kwa saa yetu. Ile mashine ya matofali ina kelele, nitaizima tangu saa nane. Nitakuwekea kile kiti chenye mto karibu na simu. Mimi nitakaa nje, ng'ambo ya barabara, na lori lolote likija litasubiri.

Salamu kwa wote wa nyumbani, na goti lipakwe dawa kila asubuhi.

Mdogo wako,
Fisto